Kava ya Kazini: Ni Zawadi au Ni Mshahara Wako?

Jioni moja ya Septemba mwaka jana, mwenzetu wa kitengo cha huduma kwa wateja alisimama kwenye dirisha la malipo la hospitali moja hapa Nairobi, mtoto amemlalia begani. Homa ilikuwa imeshuka na dawa zilikuwa zimeandikwa. Kilichobaki ni kadi ya bima kupita kwenye mashine waende nyumbani. Karani akairudisha kadi.

“Mama, limiti imeisha.”

Alilipa kwa simu, akabeba mtoto, akaenda. Kesho yake saa ya chai akatuuliza swali moja tu: “Kwani hii kava yetu ni ya pesa ngapi?” Tulikuwa watu sita mezani na hakuna hata mmoja aliyejua. Sisi tunaowafundisha wateja kila wiki kusoma ada za kutuma pesa hadi shilingi ya mwisho, hatukuwa tumesoma kijitabu cha bima tulichopewa siku ya kwanza kazini.

Kwa hivyo makala ya leo tumeyaandika kwa ajili yako, na kwa ajili yetu pia. Kama umeajiriwa na una kadi ya bima mfukoni, au unatafuta kazi na umeona tangazo linasema “kava ya matibabu inatolewa”, kaa hapa dakika chache. Tutaona kava hii ni ya thamani gani, nani hasa anailipia, na itakuwaje siku ukiondoka kazini.

Kwanza, tusichanganye mambo mawili

Watu wengi wakisema “bima ya kazi” huwa wanachanganya vitu viwili tofauti.

Cha kwanza ni makato ya SHA. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hakuna kiwango cha juu. Ukiwa na mshahara wa 30,000 unakatwa 825. Wa 50,000 anakatwa 1,375. Wa 100,000 anakatwa 2,750, na wa 200,000 anakatwa 5,500. Wakati wa NHIF, wa 30,000 alikuwa akikatwa 900, na yeyote wa 100,000 kwenda juu alikuwa akikatwa 1,700 tu. Ndiyo maana huyu akifungua payslip anapumua kidogo, na yule anashika kichwa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: pesa hiyo yote hutoka kwako. Kwa NSSF na kwa ada ya nyumba, mwajiri huongeza kiasi sawa na chako. Kwa SHA haongezi kitu. Kazi yake ni kukata na kupeleka kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Cha pili ni kava ya kampuni, ile kadi ya bima ya kibinafsi ambayo mwajiri amekununulia. Hii sheria haimlazimishi kuinunua. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa za kutosha akiugua, na ikiwezekana ahudumiwe na daktari akizidiwa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka awe na bima ya wafanyakazi wanaoumia wakiwa kazini. Lakini kadi ya kukupeleka wewe na watoto hospitali ya kibinafsi kwa mafua na malaria ni jambo la hiari. Kuna anayeitoa, kuna asiyeitoa, na kuna anayeitoa nusunusu.

Hapo ndipo neno “ukarimu” linapoingia. Lakini ni ukarimu wa pesa za nani?

Pesa ya kava hutoka wapi?

Tujiweke kwenye kiti cha mwajiri kwa dakika moja. Akipanga kukuajiri hahesabu mshahara peke yake. Anajumlisha mshahara, mchango wake wa NSSF, ada ya nyumba, mafunzo, na bei ya kava. Jumla hiyo ndiyo gharama yako kwake.

Tuseme mshahara wako ni 60,000 na kava inamgharimu 5,000 kwa mwezi kwa ajili yako na familia. Kwa hesabu yake wewe ni mtu wa 65,000, hata kabla ya hayo mengine. Mwaka unaofuata bima ikipanda ikawa 6,500, umekuwa mtu wa 66,500. Sasa ukienda kuomba nyongeza ukaambiwa “mwaka huu bajeti imebana”, sehemu ya bajeti hiyo imeshakwenda kwa kampuni ya bima. Nyongeza yako imeingia hospitalini hata kabla hujaugua.

Hatusemi mwajiri anakudanganya. Tunasema kava si soda ya bure ya mwisho wa mwaka. Ni sehemu ya ujira wako inayolipwa kwa njia nyingine, na mtu hapaswi kuona haya kuuliza habari za ujira wake.

Je, si afadhali wakupe hiyo pesa mkononi ujinunulie bima mwenyewe? Hebu tupige hesabu, maana hapa kava ya kazini inashinda kwa mbali.

Kwa mfanyakazi wa kudumu, thamani ya kava inayolipwa na mwajiri haihesabiwi kama mapato, kwa hivyo haitozwi kodi. Mshahara unatozwa. Chukua ileile 5,000 uiongeze kwenye mshahara wa 60,000. SHA inachukua 137.50. Ada ya nyumba inachukua 75. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo mawili hutolewa kabla ya kodi, kwa hivyo PAYE inapigwa kwa 4,787.50 zilizobaki. Kwa asilimia 30 hiyo ni 1,436.25. Inayokufikia mkononi ni kama 3,350, na hapo hatujagusa NSSF.

Ukiichukua hiyo ukanunue bima binafsi, KRA hukupa nafuu ya asilimia 15 ya malipo yako ya bima, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Inasaidia, lakini haifuti pengo. Tena bei ya mtu mmoja anayeingia dukani peke yake huwa juu kuliko ya kundi la watu mia, kwa sababu kwenye kundi kuna vijana wengi wazima ambao malipo yao hufidia wachache wanaougua. Kampuni ya bima hupenda kundi. Mtu mmoja anayekuja mwenyewe kutaka bima humtilia shaka kwamba pengine tayari ana ugonjwa.

Kwa hivyo 5,000 iliyolipwa kama kava huwa na nguvu kuliko 5,000 iliyolipwa kama mshahara. Hiyo ndiyo faida yake halisi, na ni kubwa.

Kwa nini limiti hupungua ghafla Januari?

Kava ya kampuni huwa ni mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka ukielekea mwisho, kampuni ya bima hutazama kitabu: tumelipwa ngapi, tumelipa hospitali ngapi?

Mfano: kampuni ya watu 100 imelipa bima milioni 6. Katika mwaka huo bili za hospitali zimefika milioni 5.4, yaani asilimia 90 ya pesa yote. Ukitoa gharama za kuendesha kazi, kampuni ya bima haibaki na kitu. Itarudi kwa mwajiri na bei mpya, ya juu zaidi. Mwajiri ana njia tatu: alipe hiyo nyongeza, apunguze kinachotolewa, au aombe wafanyakazi wachangie. Wengi huchanganya kidogo ya kila moja.

Kuna pia waajiri wakubwa wasionunua bima hasa. Wanaweka mfuko wao wenyewe, na kampuni ya bima inalipwa ada ya kuusimamia tu. Kadi ni ileile na hospitali ni zilezile, lakini kila bili inatoka moja kwa moja kwenye akaunti ya mwajiri.

Kwa njia zote mbili somo ni moja. Yule mtu ofisini anayempa binamu kadi yake atibiwe kwa jina lake, au anayechukua dawa za sukari “za ziada” apelekee jirani, haibii kampuni ya bima peke yake. Bili hiyo itarudi Januari, mgawane ninyi nyote. Tena huo ni ulaghai, na watu hufutwa kazi kwa sababu yake.

Ukarimu hupimwa wapi?

Tangazo la kazi likisema “kava nzuri”, neno “nzuri” halina maana mpaka uone karatasi. Haya ndiyo ya kutazama.

*Kulazwa na kutibiwa bila kulazwa.* Hivi ni vikapu viwili tofauti. Kikapu cha kulazwa huwa kikubwa, aghalabu kutoka laki kadhaa hadi mamilioni. Kile cha kutibiwa na kurudi nyumbani huwa kidogo, na ndicho huisha kwanza. Usifurahie tu ile milioni iliyoandikwa kwa wino mzito.

*Ni ya familia au ya kila mtu?* Hapa ndipo mwenzetu aliponaswa. Tuseme limiti ya kutibiwa bila kulazwa ni 80,000 kwa familia ya watu wanne, na mara moja hospitalini, pamoja na daktari, vipimo na dawa, inakula 7,500. Familia nzima ina safari kumi, basi. Mbili na nusu kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Ukiwa na mtoto wa chekechea, unajua safari kumi zinaweza kuisha kabla ya Madaraka Dei.

Je, 40,000 kwa kila mtu ni bora? Ukijumlisha ni 160,000, mara mbili ya ile. Lakini pesa za mmoja hazihami kwenda kwa mwingine. Mtoto mwenye pumu akienda mara nane, hizo ni 60,000. Kwa limiti ya kila mtu amepitisha kwa 20,000, ilhali baba hajagusa yake hata mara moja. Kwa limiti ya familia angefika, ila angewaachia wenzake watatu 20,000 tu. Kwa hivyo hakuna jibu moja la wote. Jua yako ni ipi, na jua nani huugua sana nyumbani.

*Vikapu vidogo ndani ya kikapu.* Kujifungua, meno, macho, afya ya akili na magonjwa sugu kama kisukari na presha mara nyingi huwa na limiti zao ndani ya ile kubwa. Unaweza kuwa na milioni moja ya kulazwa, lakini ya kujifungua kwa upasuaji ikawa sehemu ndogo tu ya hiyo. Uliza kabla ya mimba, usingoje mwezi wa nane.

*Mchango wa kila safari.* Baadhi ya kava zinakutaka ulipe kiasi fulani kila ukiingia, tuseme 500 au 1,000. Hii huwekwa ili watu wasikimbilie hospitali kwa kila chafya. Kwa mwenye mshahara mkubwa ni pesa ya kahawa. Kwa mlinzi au mhudumu wa usafi, 1,000 mara tatu kwa mwezi ni karo. Ataacha kwenda, ugonjwa ukue, na mwishowe alazwe kwa bili kubwa zaidi.

*Hospitali zilizo kwenye orodha.* Kadi haiingii kila mahali. Tazama kama hospitali iliyo karibu na nyumbani kwako imo, na si ile iliyo karibu na ofisi peke yake. Mtoto huanza homa saa nane usiku, na wakati huo uko Rongai, si Upper Hill.

*Nani wamo?* Kwa kawaida ni wewe, mume au mke, na idadi fulani ya watoto hadi umri fulani. Mtoto aliyezaliwa lazima aandikishwe, haingii mwenyewe. Wazazi mara nyingi hawamo. Na katika familia zetu, bili inayotikisa ukoo mzima na kuanzisha kundi la WhatsApp la mchango mara nyingi huwa ya mzazi.

*Cheo.* Katika kampuni nyingi, na hata serikalini, limiti hupanda na cheo. Meneja na dereva wana kadi za rangi moja lakini vikapu vyao si sawa. Ukipandishwa cheo uliza kama kadi nayo imepanda. Wakati mwingine hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Kwani nani aliifunga afya na kazi?

Ukiwa na ndugu au rafiki Marekani, huenda umemsikia akisema hawezi kuacha kazi asiyoipenda kwa sababu ya bima. Kule ndiko kamba hii ilikokazwa kuliko pengine popote, na kisa chake kinatufaa.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande ovyo. Wafanyakazi walikuwa wachache, viwanda vinawagombania, na mwajiri hakuruhusiwa kuongeza mshahara. Lakini bima ya afya iliruhusiwa. Basi viwanda vikavutia watu kwa bima. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri hautozwi kodi ya mapato ya mfanyakazi. Vita vilikuwa vimekwisha kitambo, lakini mazoea yakabaki hadi leo.

Na gharama? Utafiti wa kila mwaka wa shirika la KFF ulionyesha kuwa mwaka 2024 bima ya familia kupitia kazini ilifika wastani wa dola 25,572 kwa mwaka. Mfanyakazi mwenyewe alikatwa wastani wa dola 6,296, na mwajiri akalipa zilizobaki. Ukimuuliza mfanyakazi bima yake ni bei gani, ni rahisi akutajie kile kidogo kinachokatwa kwake.

Hata hivyo kuna mambo mawili waliyofanya ambayo sisi tungeyapenda. La kwanza, fomu ya kodi ya mwisho wa mwaka ambayo mfanyakazi hupewa na mwajiri wake aghalabu huonyesha bei nzima ya kava, sehemu ya mwajiri ikiwemo. La pili, mtu akiachishwa kazi kwenye kampuni ya wafanyakazi 20 au zaidi, kwa kawaida anaweza kubaki kwenye kava ileile hadi miezi 18, mradi alipe bei yote mwenyewe na hadi asilimia 2 juu yake. Ni ghali mno kwa mtu asiye na kazi, lakini mlango haufungwi siku hiyohiyo.

Hapa kwetu payslip itakuonyesha SHA, NSSF, PAYE na ada ya nyumba, lakini bei ya kava mara nyingi haimo. Na kanuni ya miezi 18 hatuna.

Siku ya kurudisha kadi

Hili ndilo tunalotaka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote: kava ya kazini si yako, ni ya kazi. Mara nyingi hufa siku ya mwisho ya kazi au mwisho wa mwezi huo. Laptopu unarudisha, beji unarudisha, na kadi inazimwa.

Pigo lake huwa mara mbili. Mshahara umekatika, na bima imekatika siku hiyohiyo. Kama ukiwa kazini ulikuwa unatibiwa presha bila shida kwa sababu kundi lilikubeba, ukienda kununua bima binafsi utakutana na vipindi vya kungoja. Kwa ugonjwa uliokuwa nao tayari, na kwa kujifungua, mara nyingi ni karibu mwaka mzima kabla bima haijaanza kulipa. Mama mwenye mimba ya miezi mitano anayepoteza kazi leo hawezi kununua bima binafsi kesho imlipie kujifungua.

Ndiyo maana SHA yako isilale. Ukiwa na kava nzuri ya kampuni ni rahisi kuyaona yale makato ya 2.75 kama pesa iliyopotea. Lakini hiyo ndiyo bima inayoweza kukufuata ukitoka. Ukiacha kazi hakuna tena wa kukukatia. Unahesabiwa kama mtu wa sekta isiyo rasmi. Unajaza maswali ya kupima uwezo wa kaya kupitia *147#, unapewa kiwango chako kisichopungua 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na malipo hayo ni ya mwaka mzima kwa pamoja. Kwa matibabu ya msingi kwenye vituo vya ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, kujiandikisha kunatosha. Lakini kulazwa katika hospitali za ngazi ya 4 hadi 6 kunategemea malipo yako yawe hai.

Tena hata ukiwa bado kazini, kava nyingi za kibinafsi hutegemea SHA ilipe sehemu yake kwanza, nazo zimalizie. Ikiwa mwajiri amekata pesa yako lakini hakuipeleka, au mtoto hajaandikishwa kwenye SHA, unaweza kujikuta ukidaiwa ile sehemu. Angalia hali yako leo, ukiwa mzima.

Maswali saba ya kupeleka HR

Yanakili, uyatume kwa barua pepe ili upate jibu la maandishi:

1. Limiti yangu ya kulazwa na ya kutibiwa bila kulazwa ni ngapi, na ni ya familia au ya kila mtu?
2. Mpaka leo nimetumia ngapi, na zimebaki ngapi?
3. Kujifungua, meno, macho, afya ya akili na magonjwa sugu yana limiti zipi?
4. Nani wameandikishwa chini yangu? Je, mtoto mchanga anaandikishwa ndani ya siku ngapi?
5. Limiti ikiisha katikati ya mwaka kampuni hufanya nini? Inalipa halafu inanikata mshahara kidogokidogo, au naachwa nijitegemee?
6. Nikiondoka kazini, kava inakoma tarehe gani hasa, na kampuni ya bima inaniruhusu kuendelea kama mteja binafsi bila kungoja upya?
7. Kava hii inagharimu kampuni shilingi ngapi kwa mwaka kwa ajili yangu?

Swali la saba linaweza kumshtua mtu wa HR. Liulize kwa upole, lakini liulize. Siku ukipata kazi nyingine yenye mshahara wa juu kwa 4,000 lakini haina kava, jibu la swali hili ndilo litakuambia kama unapanda au unashuka.

Jambo jingine: kama kava imeandikwa kwenye mkataba wako, ni sehemu ya mkataba. Sheria ya Ajira inataka mabadiliko ya yaliyomo kwenye mkataba yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, na ajulishwe kwa maandishi. Kupunguziwa limiti kimyakimya na kuja kujua kwenye dirisha la malipo si utaratibu.

Simu yako inaweza kusaidia wapi?

Hatutakuambia simu ni bima, kwa sababu siyo. Lakini inaweza kuziba mashimo.

*Mfuko wa dirisha la malipo.* Fungua akiba ya pembeni kwenye simu, uipe jina “Hospitali”, na uipangie pesa iingie yenyewe siku ya mshahara. Anza na 500. Kwa mwaka ni 6,000, karibu bei ya safari moja katika mfano wetu wa juu. Ukiweza 1,000, ni 12,000. Lengo ni limiti ikiisha usikope kwa haraka usiku wa manane, kwa sababu mkopo wa simu unaochukuliwa kwa hofu ndio ghali kuliko yote.

*Mfuko wa mwaka wa SHA.* Weka kando walau 3,600, au kiwango chako kama unakijua. Hii ni ya siku utakapotoka kazini. Itakununulia mwaka mzima wakati mshahara haupo.

*Wazazi.* Kama hawamo kwenye kava yako, waandikishe SHA kama kaya yao. Baba na mama wanaoishi pamoja ni kaya moja, mchango mmoja. Gawaneni ndugu: ninyi wanne, kila mmoja 900 kwa mwaka, na kama kiwango chao ni cha chini mmemaliza. Ni rahisi kuliko harambee.

*Risiti.* Ukilipa kwa simu kwa sababu kadi imekataa, usifute ujumbe wa uthibitisho. Omba risiti ya hospitali na maelezo ya daktari siku hiyohiyo. Kama kosa lilikuwa la mfumo na si limiti, huenda ukarudishiwa, lakini bila karatasi hakuna wa kukusikiliza.

Na tahadhari moja. Mtu akikupigia akisema yeye ni wa bima au wa SHA, eti kava yako inazimwa leo usipompa PIN au namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako, kata simu. Hakuna malipo ya bima yanayohitaji mtu mwingine ajue PIN yako. Hata sisi hatutawahi kukuuliza.

Kabla hujafunga ukurasa

Baada ya ile chai tuliandika barua pepe kwa HR wetu, na maswali hayohayo saba. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Limiti ilikuwa ya familia, mwenzetu alikuwa ameitumia yote kufikia Agosti, na hakuna aliyekuwa na utaratibu wa kumjulisha mtu akibakisha kidogo. Sasa tunatumiwa salio la kava kila baada ya miezi mitatu. Haikugharimu kampuni chochote. Ilihitaji mtu mmoja aulize.

Mwenzetu naye ana mfuko wake wa “Hospitali” kwenye simu. Aprili mtoto aliugua tena, na kadi ikapita vizuri. Safari hii, kabla ya kutoka nyumbani, alijua zimebaki ngapi.

Wewe je, unaijua limiti yako? Itafute leo.